Kulifufua bafu chakavu bila kuvunja ukuta

Bafu likishazeeka, wazo la kwanza linalomjia mwenye nyumba ni kung'oa kila kitu. Anaita fundi, fundi anazunguka, anaguna, na gharama inayotajwa inatosha kuliacha bafu kama lilivyo kwa miaka mingine kadhaa. Sasa simama mlangoni uliangalie vizuri. Mara nyingi vigae vyenyewe ni vizima, sinki ni zima, choo ni kizima. Kilichochakaa ni mistari iliyo kati ya kigae na kigae, silikoni (ule utepe laini wa kuzibia viungo) iliyogeuka nyeusi kwenye kona, chokaa iliyoganda kwenye bomba, rangi inayobambuka darini. Jicho husoma uzee wa bafu kwenye viungo na kingo, na kwa bahati nzuri hivyo ndivyo vitu vya bei ndogo kuliko vyote kutengeneza.

Kinachohitaji umakini ni mpangilio wa kazi. Ukipaka rangi kabla ya kuzuia uvujaji, utapaka tena. Ukitangulia kuweka silikoni, rangi haitashika juu yake. Kwa hiyo fuata hatua kama zilivyopangwa hapa, na usinunue chochote kabla ya kumaliza ya kwanza.

Hatua ya 1: Yatafute maji yanayotoroka

Kuna vipimo vinne, na vyote ni vya bure au karibu na bure.

Anza na mita ya maji. Funga mabomba yote ya nyumba, soma namba, kaa saa moja bila mtu kutumia maji, kisha soma tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja.

Kisha tangi la choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi na usiflashi kwa nusu saa. Ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli la choo, ile raba ya kuzibia iliyo chini ya tangi imechoka. Uvujaji wa namna hii hausikiki wala hauonekani, lakini bili inaujua.

Cha tatu ni sarafu. Gonga kigae kimoja kimoja, hasa vile vya chini ya shawa. Kigae kilichoshika kinatoa mlio mfupi mzito. Kilichoachia kinalia kama debe tupu. Kimoja au viwili havina shida kubwa, unaweza kuvibandika upya. Lakini eneo zima likilia hivyo, au ukuta ukibonyea unapousukuma kwa kiganja, maji yameshaingia nyuma. Hapo acha habari ya urembo, peleka bajeti yote kwenye ukuta huo na uite fundi.

Cha nne ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinamaliza ubishi. Chukua kipande cha nailoni, ukubwa wa karatasi ya daftari. Futa sehemu ya ukuta yenye doa la unyevu mpaka ikauke, kisha ubandike nailoni juu yake kwa tepu pande zote nne, pasibaki upenyo. Iache siku mbili. Matone yakijikusanya kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ndani: kuna bomba linalovuja au maji yanapenya kutoka upande wa pili. Yakijikusanya juu ya nailoni na ndani pakabaki pakavu, huo ni mvuke wa kuogea unaokosa pa kutokea. Hali ya kwanza inamhitaji fundi bomba, ya pili inahitaji dirisha lifunguliwe.

Hatua ya 2: Toa uchafu kabla ya kutoa pesa

Usiamue kubadilisha kitu ambacho hujakiona kikiwa safi. Bafu la zamani huwa na uchafu wa aina tatu, na watu wengi huchoka kusugua kwa sababu wanatumia dawa moja kwa zote tatu.

Ule ugumu mweupe kwenye bomba, shawa na kioo ni chokaa inayoachwa na maji ya chumvichumvi. Huo huyeyushwa na asidi, na siki nyeupe inatosha. Loweka kitambaa kwenye siki, kizungushie bomba, kiache nusu saa hadi saa moja, halafu sugua kwa mswaki wa zamani na usuuze. Kwa kichwa cha shawa, tia siki kwenye mfuko wa plastiki, kitumbukize humo na ufunge mfuko shingoni kwa rababendi. Utaona viputo vidogo vikipanda: ni asidi inaila chokaa. Vikishatulia, kifungue, zibua vitundu kwa pini kimoja kimoja, kisha acha maji yapite kwa nguvu. Shawa nyingi zilizokuwa zinahesabiwa kuwa zimekufa hufufuka hapo. Kama kichwa kina rangi ya dhahabu au kimepakwa rangi nyeusi, usikiloweke. Siki inaweza kubabua mng'aro wake.

Angalizo: siki haipatani na marumaru halisi, terazo na mawe mengine yenye asili ya chokaa, kwani inayala kama inavyoila ile chokaa ya bomba. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja mahali pasipoonekana. Likitoa viputo au likiacha alama isiyong'aa, tumia sabuni tu. Grauti nayo, yaani saruji ya kati ya vigae, huharibiwa na asidi polepole, kwa hiyo ilowanishe kwa maji kwanza na suuza haraka.

Utando wa kijivu unaoteleza ukutani ni mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili. Maji ya moto, sabuni ya vyombo na sponji vinautoa. Ukiwa mkaidi, ongeza bikaboneti ya soda iliyochanganywa na maji kidogo ikawa nzito. Madoa meusi ni ukungu, na kwenye vigae dawa yake ni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, madirisha yakiwa wazi na mikono ikiwa na glavu.

Hapa pana jambo la hatari ambalo sitalisema kwa upole. Klorini isikutane na siki, wala na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu ni chumba kidogo. Ukitumia siki leo, suuza vizuri na klorini iwe ya kesho.

Ule mduara wa kahawia ndani ya choo unatolewa na jiwe la pumisi, mradi jiwe na choo viwe vimelowa muda wote unaposugua. Jiwe hilohilo likigusa hodhi la kuogea la plastiki, litalichana mistari ambayo hutaiondoa tena.

Hatua ya 3: Zima matone

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza maelfu ya lita kwa mwaka, na mara nyingi tatizo ni wasa, yaani pete ndogo ya mpira ndani ya bomba, iliyolika. Funga koki ya maji, fungua bomba ili yaliyobaki yatoke, kisha ziba tundu la sinki kwa kitambaa kabla hujagusa skrubu hata moja. Skrubu ndogo ina tabia ya kuanguka palepale usipotaka.

Unapofungua, piga picha kila kipande kabla ya kukitoa na uvipange kwenye taulo kwa mfuatano uliovitoa. Chukua wasa kuukuu uende nayo dukani, usikisie saizi. Mabomba ya mkono mmoja hayana wasa hiyo. Yana katriji, yaani kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji, nayo ichukue vilevile kama sampuli. Unaporudisha, zungusha utepe mweupe wa bomba kwenye nyuzi kwa kufuata mwelekeo ambao nati inakaza, mizunguko kadhaa inatosha. Na usikaze kwa hasira: sinki la kauri likipasuka, bajeti yako ndogo imeishia hapo.

Raba ya tangi la choo uliyoigundua kwenye kipimo cha rangi hubadilishwa kwa mkono, bila spana. Ni kazi fupi kuliko zote katika mwongozo huu.

Hatua ya 4: Grauti

Kama una fedha za kufanya kitu kimoja tu, fanya hiki. Vigae vya miaka mingi vikipata mistari mipya, mtu atakuuliza umeviweka lini.

Kwanza amua kiasi cha kazi. Kwaruza grauti kwa ncha ya bisibisi. Ikiwa ngumu lakini chafu, isugue kwa brashi ngumu na bikaboneti. Ikiwa ngumu lakini doa limeingia ndani, kuna rangi maalumu ya grauti, huuzwa kama kalamu au kwenye chupa ndogo. Unapaka juu ya mstari na kufuta kinachomwagikia kwenye kigae. Ikitoka unga au ina mashimo, itoe na ujaze upya. Huhitaji kujaza bafu zima. Mara nyingi ni eneo la shawa na sakafu tu.

Kutoa grauti ya zamani kunachosha, hilo halina njia ya mkato. Tumia kikwaruzio cha mkono chenye meno, kina bei ndogo na hakiharibu vigae haraka kama mashine. Chimba angalau milimita 3 kwenda ndani, maana grauti mpya iliyopakwa nyembamba juu ya ya zamani hubanduka baada ya muda mfupi. Vaa miwani na barakoa, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Ukimaliza, fagia mistari yote kwa brashi kavu, kisha ipitishie sponji yenye maji ili viungo visinyonye maji ya grauti mpya.

Mimina unga kwenye maji kidogo kidogo, ukoroge mpaka mchanganyiko usimame kwenye mwiko bila kudondoka. Uache dakika 5 hadi 10, ukoroge tena bila kuongeza maji. Watu huongeza maji hapa ili ulainike, na matokeo yake ni grauti dhaifu yenye rangi ya mabakamabaka. Tengeneza kiasi kidogo, cha kutosha mita moja ya mraba au mbili, kwani hukauka ukiwa bado unahangaika.

Isukume ndani ya viungo kwa mwiko wa mpira, ukipita mshazari. Ukifuata mstari, ukingo wa mwiko unaichota grauti uliyoijaza sasa hivi. Subiri dakika 15 hadi 30, gusa kwa kidole. Ikiwa haishiki kidoleni, futa vigae kwa sponji iliyokamuliwa sana, pia kwa mshazari, ukibadilisha maji mara kwa mara. Utando mweupe utakaobaki ufute kwa kitambaa kikavu baada ya saa chache. Maji yasiguse hapo kwa saa 24 angalau, na kama unataka kupaka dawa ya kuzuia grauti isinyonye maji, fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi ni siku 3.

Kuhusu rangi: nyeupe kabisa sakafuni ni kujitafutia kazi ya kila wiki. Kijivu cha wastani huficha mengi. Grauti nyeusi kwenye vigae vyeupe hubadilisha bafu kwa kishindo, lakini inaanika kila kigae kilichowekwa upogo, na mabafu ya zamani yana vingi.

Kona, yaani pale ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu au na hodhi, ziache wazi. Sehemu hizo hucheza kidogo na grauti hupasuka hapo. Zina hatua yake, ya 7.

Hatua ya 5: Dari na kuta zisizo na vigae

Rangi iliyobambuka ikwangue, lakini kama nyumba ni ya zamani sana usiipige msasa ikiwa kavu, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Ilowanishe, kwangua, kusanya mabaki, na watoto wakae mbali. Ukungu uoshwe na ukuta ukauke kabisa kabla ya brashi. Ukungu uliofunikwa kwa rangi hutokeza tena hapohapo. Ziba nyufa kwa puti, lainisha, paka praima (rangi ya msingi), kisha rangi inayostahimili unyevu. Rangi inayong'aa kiasi husafishika kirahisi kuliko isiyong'aa kabisa, ila inaonyesha mabonde yote ya ukuta, kwa hiyo puti ifanyike kwa uvumilivu.

Usinunue rangi kwa kukisia. Chukulia bafu la mita 2 kwa 1.5, na ukuta ulio juu ya vigae una kimo cha mita 0.9. Mzunguko wa kuta ni mita 7, hivyo kuta ni mita za mraba 6.3, ongeza dari, 3, unapata 9.3. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ni kama lita 2. Ndoo kubwa ya ofa haina kazi hapo.

Hatua ya 6: Kupaka rangi vigae (ukilazimika)

Inawezekana, na ni nafuu kuliko kuvibadilisha. Vigae vioshwe mafuta yote, vipigwe msasa wa namba 220 hivi mpaka mng'aro ufe, vipakwe praima ya kushika sehemu laini, kisha rangi ya epoksi kwa rola ndogo, tabaka nyembamba mbili. Kukauka kabisa kunaweza kuchukua wiki nzima, na wakati huo usioge hapo.

Mimi ningefanya hivyo kwenye ukuta ulio mbali na shawa, nisingefanya sakafuni. Rangi ya sakafu ya bafu hukwanguka pale miguu inapokanyaga, na kigae chenye rangi iliyobanduka ni kibaya kuliko kigae cha mtindo wa zamani. Kama rangi ya vigae inakuudhi tu, jaribu kwanza kupaka kuta za juu rangi inayoendana nayo. Vigae vya waridi au kijani vilivyozungukwa na weupe mkali hupiga kelele. Vikizungukwa na rangi ya maziwa au kijivu chepesi hutulia.

Hatua ya 7: Silikoni

Silikoni nyeusi haisafishiki; ukungu umeshaingia ndani yake. Kata kwa kisu chembamba juu na chini, ivute yote, kisha uondoe mabaki kwa skrepa ya plastiki na spiriti. Mpya haishiki juu ya ya zamani, hivyo kipande kidogo kilichobaki ndicho kitakachoanza kuachia. Paache pakauke kweli, ikiwezekana usiku mzima.

Bandika tepu ya karatasi juu na chini ya kiungo, zikiachana milimita 5 hivi. Kata mdomo wa chupa kwa mshazari na tundu dogo. Watu hukata tundu kubwa, silikoni ikamwagika, wakaanza kuisambaza kwa vidole mpaka ukuta mzima. Sogeza bunduki ya kukamulia silikoni kwa mwendo mmoja usiokatika, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, mpito mmoja tu, na uvute tepu mara moja kabla utando wa juu haujaanza kuganda. Ukichelewa dakika chache, tepu itaondoka na ukingo.

Kama ni kiungo cha hodhi na ukuta, lijaze hodhi maji kwanza na uliache limejaa mpaka silikoni ikauke. Uzito wa maji hulishusha kidogo; ukiziba likiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga kiungo kitavutika na kupasuka. Subiri saa 24 kabla ya kuoga. Ukiona chupa imeandikwa ya kuzuia ukungu, lipia tofauti hiyo ndogo. Ile inayonuka siki isitumike kubandikia kioo, kwani inaweza kuharibu rangi ya nyuma yake.

Hatua ya 8: Vitu vidogo vinavyoonekana

Fedha iliyobaki itumie kwa vitu vinavyoguswa kila siku. Kiti cha choo kwanza. Pima urefu, upana na nafasi kati ya matundu ya skrubu kabla ya kununua. Pazia la shawa, liishie juu kidogo ya sakafu. Vishikizo vya taulo na karatasi, vyote vya rangi moja ya chuma, kwa kuwa bafu lenye fedha, dhahabu na nyeusi kwa pamoja linaonekana limeokotezwa. Unapotoboa kigae, bandika tepu pale utakapotoboa ili kekee isiteleze, tumia kekee ya vigae, nenda polepole, na kama drili ina kitufe cha kupigia nyundo, kizime mpaka upite kigae.

Taa ni nafuu na inabadilisha chumba usiku huohuo. Balbu ya karibu Kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi) huipa ngozi na vigae uvuguvugu. Ya bluu-bluu huonyesha kila doa. Zima swichi kuu kabla ya kugusa waya, taa iliyo karibu na maji iwe ya aina inayozuia maji, na zaidi ya kubadilisha balbu kazi ni ya fundi umeme.

Hewa

Bila hewa, ukungu utarudi. Baada ya kuoga, acha dirisha wazi au feni ya kuvuta hewa ikizunguka kwa dakika 20 hadi 30. Kama unayo feni lakini unaishuku, weka karatasi moja ya chooni kwenye wavu wake. Feni nzima huishika karatasi ikaganda hapo. Ikianguka, fungua wavu uoshe vumbi kabla ya kufikiria feni mpya. Kama huna dirisha wala feni, ukate mlango kwa chini sentimita moja au mbili, au uweke matundu ya hewa, na ufute vigae vya shawa kwa kifutio cha mpira kila baada ya kuoga.

Mwezi mmoja baadaye, pitisha kidole kwenye silikoni yote. Ikinyanyuka mahali, kata kipande hicho tu, kausha, ujaze tena. Na rudia kipimo cha mita ya maji.